Soma Maji Kwanza: Mwongozo wa Kuangalia Bata wa Majira ya Baridi, Kutoka Bustani za London Hadi Pwani ya Essex

Mwezi wa Desemba jijini London jua huchomoza karibu saa 2 asubuhi na kuzama kabla ya saa 10 jioni, miti imepukutika majani, na wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki hujifungia ndani tukingojea Machi. Ni wakati huohuo ambapo maziwa ya bustani na matope ya mlango wa mto Thames hujaa wageni wasioonekana wakati wa kiangazi, yaani bata waliotaga Iceland, Skandinavia na Urusi, ambao wameshuka huku kwa sababu maji ya kwao yameganda na chakula kimefungiwa chini ya barafu. Uingereza hupata uvuguvugu wa bahari ya Atlantiki, kwa hiyo maji yake mengi hubaki wazi hata pale ambapo Finland na nchi za Baltiki zimeshika theluji. Isitoshe, madume wa bata wengi huvaa manyoya yao mazuri kuanzia Novemba hadi Machi, kisha wakati wa kiangazi huyapukutisha na kufanana na majike, hata mtu mzoefu akababaika. Anayetaka kujifunza bata basi na aanze katika baridi.

Mwongozo huu umeandikwa kwa mtu anayeishi London au karibu nayo, asiye na gari, na ambaye hajawahi kushika darubini. Nimeupanga kwa hatua, lakini wazo linaloziunganisha ni moja: kabla ya kumtafuta ndege, soma maji. Jiulize kama yameganda au yako wazi, kama ni ya kina kirefu au kifupi, kama yanajaa au yanakupwa. Ukishajua jibu, utakuwa umejua nusu ya mahali ndege walipo.

Hatua ya kwanza: vifaa na mavazi

Darubini ya macho mawili yenye maandishi 8x42 inatosha kwa miaka mingi. Tarakimu ya kwanza ni kiasi cha kukuza, na ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Wanaoanza huvutwa na darubini za kukuza mara 12 au zaidi, lakini mkono hutetemeka, na katika baridi hutetemeka zaidi, mpaka ndege aliyekuzwa asionekane vizuri kuliko yule ambaye hakukuzwa sana. Kabla ya kutoka nyumbani, rekebisha darubini kwa macho yako: funga jicho la kulia na uzungushe gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione sawasawa, kisha ufunge la kushoto na uzungushe kipete cha upande wa kulia mpaka picha itulie. Anayevaa miwani ashushe vikombe vya mpira vya machoni, la sivyo ataona duara dogo tu. Ukirudi kwenye chumba chenye joto, iache darubini ndani ya mkoba wake kwa muda ili unyevu usigande kwenye lenzi.

Kuhusu mavazi, nguo nyembamba tatu zilizopandana hushinda koti moja zito, na koti la juu liwe la kuzuia upepo, kwa sababu kule pwani anayeumiza ni upepo kuliko baridi yenyewe. Mabuti ya mpira yanafaa kwa njia za tope. Chupa ya chai ya moto si anasa, kwa kuwa mtu anayeganda vidole hakai mahali pamoja muda wa kutosha kuona lolote.

Hatua ya pili: chagua ziwa moja na ulijue

Kosa ambalo nililifanya mwaka wangu wa kwanza ni kukimbilia mahali penye sifa kubwa. Chagua ziwa la bustani lililo karibu na kwako, iwe ni Regent's Park, Victoria Park au Round Pond ya Kensington Gardens, ulitembelee kila wiki kuanzia Oktoba, na kila mara ulizunguke lote. Baada ya wiki nne utaanza kuona kwamba idadi haisimami, kwamba juzi walikuwepo 6 na leo wapo 30, na utajiuliza wametoka wapi. Hapo ndipo uangaliaji unapoanza.

Katika bustani za katikati ya jiji kuna swali ambalo mtu wa pwani yetu hangelifikiria: je, ndege huyu ni wa porini au amefugwa? St James's Park ina mwari tangu 1664, pale balozi wa Urusi alipomzawadia mfalme Charles II ndege hao, na pamoja nao bustani hiyo hufuga aina nyingi za bata na bata bukini kutoka mabara mbalimbali. Ukimwona pale bata bukini mwenye kifua chekundu kutoka tundra ya Siberia, usiandike kwamba umepata mgeni adimu. Angalia mguu kama una pete ya rangi, angalia ncha ya bawa kama imekatwa, na angalia tabia yake, kwa maana bata anayekuja kupokea chakula mkononi huenda hakuvuka bahari. Hata hivyo dalili moja haitoshi, kwa sababu watafiti nao huwavisha pete ndege wa porini. Baadhi ya shakwe wa bustani, wale wadogo wenye doa jeusi nyuma ya jicho ambalo kiangazi hugeuka kofia ya kahawia iliyokolea (Chroicocephalus ridibundus), huvaa pete zenye herufi zinazosomeka kwa darubini, na ukizisoma na kuzipeleka kwa mradi unaohusika unaweza kujibiwa kwamba ndege huyo alivishwa pete Poland au Finland.

Kuna kundi la tatu, nalo ni wale walioletwa zamani wakatoroka na kuzaana hadi wakawa wenyeji. Miongoni mwao ni bata bukini wa Kanada, na pia bata bukini wa Misri (Alopochen aegyptiaca), ambaye msomaji aliyewahi kufika Naivasha au Manyara atamtambua mara moja kwa duara la kahawia kuzunguka jicho. Waliletwa Uingereza katika karne ya 17 kupamba mabwawa ya matajiri. Leo wanazaana Hyde Park, na wana desturi ya kutaga mapema kuliko wenzao, hata ukaona vifaranga wakati barafu ingalipo. Kila ninapowaona hupata faraja ambayo siwezi kuieleza vizuri.

Hatua ya tatu: gawa bata katika makundi mawili

Usianze kwa kukariri majina. Anza kwa kutazama jinsi bata anavyokula. Kundi la kwanza ni wachovyaji, ambao huzamisha kichwa na kuinua mkia juu lakini hawazami wote, na wakishtuka huruka juu moja kwa moja kutoka majini. Kundi la pili ni wapiga mbizi, ambao hutoweka kabisa kwa sekunde kadhaa na kuibukia mahali pengine, na wakitaka kuruka hukimbia kwanza juu ya maji. Hapa kusoma maji kunaanza kukulipa, kwa sababu wachovyaji hukaa kwenye kina kifupi, kandokando na penye majani, ilhali wapiga mbizi hupenda katikati, penye kina.

Katika wachovyaji, mjue kwanza yule mwenye mdomo mpana kama koleo (Spatula clypeata). Dume ana kichwa cha kijani kilichokolea, kifua cheupe na ubavu wa rangi ya kutu. Kundi lao huogelea kwa mzunguko, kila mmoja akifuata mkia wa mwenzake, kwa kuwa mzunguko huo huvuta vijidudu kutoka chini na midomo yao huvichuja. Ni bata wa aina hiihii, ingawa kwa njia nyingine ya uhamaji, anayefika Nakuru na Naivasha katika miezi hiyohiyo. Kisha mtafute bata wa kijivu asiye na madaha (Mareca strepera), mwenye kiraka cheupe bawani na makalio meusi, ambaye humfuata kukuziwa mweusi mwenye paji jeupe na kumpora majani anayoyaleta kutoka chini. Yule mdogo kuliko wote (Anas crecca) hujificha penye matete, na mara nyingi filimbi yake fupi husikika kabla hajaonekana.

Katika wapiga mbizi, wawili ni wa lazima. Mmoja ni mweusi na mweupe mwenye kishungi kinachoning'inia kisogoni na jicho la njano (Aythya fuligula), naye hukosekana mara chache katika maziwa ya jiji. Mwingine ana kichwa chekundu cha udongo, kifua cheusi na mgongo wa kijivu (Aythya ferina). Ukiwahesabu hawa wa kichwa chekundu utashangaa kuona madume wengi kuliko majike, na sababu yake ni kwamba majike husafiri mbali zaidi kuelekea kusini. Kibisi na mnandi nao hupiga mbizi lakini si bata, na utawatenganisha kwa mdomo wao, ambao ni mwembamba na haukubapa.

Hatua ya nne: fuata barafu

Usiku wa baridi kali ukipita, maziwa madogo huganda na mambo yote hubadilika. Nenda mapema, mara tu mwanga unapotosha. Ndege wote wa ziwa huwa wamejikusanya penye tundu moja la maji yaliyobaki wazi, ambalo wao wenyewe hulizuia lisigande kwa kuogelea bila kupumzika, na utaweza kuwalinganisha bega kwa bega kwa namna isiyowezekana siku za kawaida. Usikae karibu na tundu hilo, kwa sababu hawana pengine pa kwenda.

Barafu ikizidi siku mbili au tatu, acha ziwa lako uende kwenye maji makubwa, ambayo hukawia kuganda. Walthamstow Wetlands, mkusanyiko wa mabwawa 10 ya maji ya jiji uliofunguliwa kwa umma mwaka 2017, uko karibu na kituo cha Tottenham Hale na hauna kiingilio. London Wetland Centre ya Barnes, iliyofunguliwa mwaka 2000 mahali palipokuwa na mabwawa ya zamani, hutoza kiingilio lakini ina vibanda vya kuangalizia vilivyofunikwa, na kwa mtu mwenye watoto au mzazi mzee hilo lina thamani yake. Katika maji ya namna hii tafuta bata mwenye doa jeupe la mviringo shavuni (Bucephala clangula) na yule mrefu mwenye mdomo mwembamba wa msumeno, anayekula samaki (Mergus merganser). Baridi ikishika pia Uholanzi na Baltiki, huongezeka nafasi ya kumwona dume mdogo mweupe mwenye mistari myeusi kama nyufa kwenye barafu (Mergellus albellus). Mimi nimemwona mara moja tu, na siku hiyo nilichelewa kurudi nyumbani.

Hatua ya tano: nenda pwani kwa saa ya maji, si kwa saa ya ukutani

Hapa mtu aliyekulia Tanga, Lamu au Unguja ana elimu ambayo wengine huinunua kwa taabu. Anajua kwamba maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kwamba kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50, na kwamba baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu huja bamvua, na katikati yake huja maji mafu. Yote hayo ni kweli pia katika pwani ya Essex, na pale Southend bamvua hupandisha maji kwa zaidi ya mita 5 kutoka kupwa hadi kujaa.

Chukua jedwali la maji la Southend na utafute siku ambayo maji yatajaa wakati wa mwanga. Bahati nzuri ni kwamba katika mlango wa Thames maji ya bamvua hujaa muda mfupi baada ya adhuhuri, kwa hiyo hata siku fupi ya Desemba inatosha. Kumbuka kwamba jedwali huandika saa ya Kizungu, hivyo 13.30 ni saa 7 na nusu mchana. Panda treni ya c2c kutoka Fenchurch Street hadi Leigh-on-Sea, safari ya chini ya saa moja, kisha tembea kuvuka daraja hadi Two Tree Island, ambako kuna hifadhi. Fika mapema, muda wa saa mbili nzima kabla ya maji kujaa.

Sababu ya kufika mapema ni hii. Maji yakiwa yamekupwa, matope huenea mbali sana na ndege wote huwa nukta zisizo na rangi. Maji yanapopanda, tope husinyaa, na ndege husukumwa hatua kwa hatua kuelekea kwako bila wewe kusogea. Simama mahali pamoja, jua likiwa mgongoni au ubavuni, na uwaache waje. Siku ya maji mafu sehemu ya tope haifunikwi, kwa hiyo ndege hawalazimiki kukaribia, na aliyesafiri bila kutazama jedwali hudhani hapana ndege.

Usishuke kwenye tope kwa sababu yoyote. Ni laini, lina vihori vingi, na maji huingia kwenye vihori hivyo na kukuzunguka kwa nyuma wakati wewe unatazama mbele.

Mgeni mkuu wa mahali hapa ni bata bukini mdogo mweusi (Branta bernicla), ambaye hutoka rasi ya Taymyr kaskazini mwa Siberia na kuanza kufika mwishoni mwa Septemba. Mwezi wa Oktoba hula nyasi bahari kwenye matope ya Leigh, na zinapokwisha huhamia kwenye vichaka vya majani ya chumvi na mashamba ya nchi kavu. Watazame kwa subira, kwa sababu wanabeba habari. Mkubwa ana utepe mweupe shingoni na bawa lililo jeusi lote, ilhali mtoto wa mwaka huu hana utepe huo mwanzoni na bawa lake lina mistari myembamba myeupe. Familia hukaa pamoja majira yote. Ukihesabu watoto katika kundi la ndege 100, utajua Aktiki ilikuwaje kiangazi kilichopita: panya wadogo waitwao lemingi wakiwa wengi, mbweha wa Aktiki hushiba kwao na vifaranga wa bata bukini hupona, na wakiwa haba, mbweha hugeukia vifaranga, na unaweza kukagua kundi zima usione hata mtoto mmoja. Kwangu mimi hakuna jambo katika majira yote linalozidi hili, kwamba mtu asimame Essex na kusoma kwenye bawa la ndege kilichotokea Siberia.

Pamoja nao utaona bata mwekundu wa kichwa mwenye paji la rangi ya malai na sauti ya mluzi (Mareca penelope), yule mwenye mkia uliochongoka (Anas acuta), na bata mkubwa mweupe mwenye mkanda wa kahawia kifuani (Tadorna tadorna). Ndege wa ufuoni hawakosekani, na baadhi yao utawasalimu kwa kuwa unawajua: sululu mwenye mdomo mrefu uliopinda kwenda chini, na mgeuza-mawe mfupi wa miguu ya rangi ya chungwa (Arenaria interpres), ambaye aina yake hukaa pia kwenye miamba ya Mombasa na hori la Mida katika miezi hii.

Muda ukibaki, gati la Southend lenye urefu wa zaidi ya kilomita 2 hukupeleka juu ya maji ya kina bila kupanda chombo, ila hakikisha kwanza kwamba liko wazi siku hiyo. Kutoka ncha yake tazama mbali kwa ndege wa mbizi wa jamii ya Gavia, wanaoelea chini sana majini na kuinua mdomo kidogo juu. Eneo la nje la mlango wa Thames ni hifadhi kwa ajili yao tangu 2010.

Hatua ya sita: usimrushe ndege

Bata wa majira ya baridi ana saa chache za mwanga za kujilisha kwa ajili ya usiku mrefu, na kila mara anaporushwa hutumia nguvu ambayo lazima airudishe kwa kula zaidi. Wakati wa maji kujaa ndipo ndege wa tope wanapopumzika, kwa hiyo hapo unapaswa kuwa mtulivu zaidi. Kundi likiacha kula na shingo zikanyooka zote, umekaribia mno. Rudi nyuma taratibu. Mbwa afungwe kamba. Katika bustani za jiji usiwape mkate, maana huwajaza bila kuwalisha na mabaki yake huchafua maji.

Tangu 2021 mafua makali ya ndege yameua ndege wengi wa majini nchini Uingereza. Ukimkuta aliyekufa au anayezungushazunguka kichwa, usimguse, mweke mtoto mbali, na utoe taarifa kupitia tovuti ya serikali. Ukifika nyumbani osha mabuti, hasa ikiwa unafuga kuku au utapita kwa anayefuga.

Hatua ya saba: hesabu na uandike

Andika tarehe, mahali, saa uliyoanza na kumaliza, hali ya maji, upepo, na idadi ya kila aina. Kundi kubwa halihesabiwi kwa kukisia. Hesabu ndege 10 mmoja mmoja, ona wanachukua nafasi gani kwenye darubini, kisha pima kundi zima kwa nafasi hiyo, na urudie kutoka upande wa pili. Hesabu mbili zikitofautiana sana, hesabu mara ya tatu. Programu ya eBird hupokea orodha kutoka nchi yoyote, hivyo daftari lako la London na lile la likizo yako Malindi litakaa pamoja.

Ukishaweza kutambua aina 20 bila wasiwasi, wasiliana na shirika la British Trust for Ornithology, ambalo husimamia hesabu ya ndege wa majini inayofanywa kila mwezi na watu wa kujitolea, na uombe kupewa bwawa au kipande cha ufuo. Hesabu ya Januari huingia katika hesabu ya kimataifa iliyoanza mwaka 1967, na katika mwezi huohuo wahesabuji huzunguka pia maziwa ya Bonde la Ufa nchini Kenya. Utapangiwa tarehe, na utatakiwa kwenda tarehe hiyo hata kama mvua inanyesha. Peleka karatasi yako hata siku ambayo hukuona bata hata mmoja, na uandike sifuri, kwa sababu nafasi iliyoachwa tupu haimwambii msomaji wa takwimu kama ndege hawakuwepo au kama ni wewe ambaye hukwenda.